Nani mume, nani mke? Jibu la mtu anayekaa humo ndani, Kigoma

Mleta mada ameuliza, na sidhani kama ameuliza kwa ubaya: wanaume wawili wakikaa pamoja miaka na miaka, wanaishije? Nani mume, nani mke, nani anapika, na mlango ukishafungwa jioni wanaongea nini? Waliotangulia kujibu wengi wametukana, wachache wamehubiri, na mmoja ameandika hadithi ndefu ambayo nina hakika hajaiishi. Ngoja nijibu mimi ninayekaa humo.

Niko Kigoma. Mtaa sitautaja, majina pia, na sababu mnaijua: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela na kuishia maisha. Nikishasema hilo sitalirudia, maana hata sisi hatuamki nalo kila asubuhi. Tunaamka na swali la kama maji yametoka.

Mwenzangu nitamwita Mkubwa. Kanizidi miaka minne na kilo kama 30. Anafanya biashara ya mawese: anayakusanya vijijini, anayajaza kwenye madumu ya lita 20, mengine anayauza hapa mjini, mengine yanapanda lori. Kwa hiyo nyumba yetu inanuka mawese mwaka mzima. Mapazia yana rangi ya chungwa chini, na mpaka kava la simu yangu lina alama ya kidole gumba chake. Mkitaka kujua ugomvi wa watu kama sisi unahusu nini, unahusu dumu lililowekwa sebuleni "kwa usiku mmoja tu" likakaa wiki tatu.

Anayepika ni yeye. Si kwa sababu yeye ndiye mke, ni kwa sababu ugali wangu huwa na mabuje na hataki kuumia. Mgebuka wake, akishaukausha kidogo kwenye mkaa halafu akauunga kwa mawese na nyanya, hata majirani wakisikia harufu wanapata sababu ya kuja kuazima chumvi. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15, ili samaki wapumzike, mtu mzima yule alikula maharage na uso wa mfiwa. Mimi naosha vyombo, napiga pasi, nalipa king'amuzi. Swali la mume na mke limeishia hapo, mleta mada. Samahani kama ulitegemea kikubwa zaidi.

Tulikutanaje? Mwaka 2013 nilikuwa na kibanda cha kurusha nyimbo. Ninyi wa bando hamuijui kazi ile: kompyuta moja ya mezani, spika mbili zinazokoroma, mtu analeta memori kadi yake, anachagua, unamrushia. Mwaka mmoja nyuma wasanii wenye asili ya huku walikuwa wamekusanyika wakajiita Kigoma All Stars, na hakuna kadi iliyotoka kwangu bila wimbo wao, hata kama mwenyewe hakuomba. Siku moja akaja jamaa mnene, shati lina madoa ya mawese, akaweka kadi ya GB 2 kwenye kaunta. "Niwekee Brenda Fassie. Zote ulizonazo."

Nikamwambia ninazo saba. Nikaanza kurusha. Akasimama pale, anaangalia barabarani, akauliza, "Huyu dada, habari zake unazijua?"

Sasa habari za Brenda, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, ni nyingi. Alifariki 2004 akiwa na miaka 39. Dawa za kulevya, vituko vya jukwaani, yote yalishaandikwa magazetini. Lakini pia hakuwahi kuficha kwamba alipenda wanawake wenzake. Lile swali lingeweza kuwa la chochote kati ya hayo, na ukikosea jibu unaweza kuhama mji. Nikajibu, "Nazijua zote."

"Zote?"

"Zote."

Ule mstari wa kijani kwenye kompyuta ulikuwa umefika asilimia 60 na kitu. Naukumbuka kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa na ujasiri wa kukiangalia. Akalipa, akaondoka bila chenji. Kesho yake akaja kuchukua chenji. Keshokutwa akaja kulalamika kwamba kadi ina virusi. Haikuwa na kirusi hata kimoja.

Mwaka uliofuata tukahamia nyumba moja. Kwa mtaa, mimi ni mtoto wa mama yake mdogo. Kigoma hapa kila nyumba ina mtoto wa mama mdogo wa mtu, amekuja kutafuta maisha, anakaa chumba cha nyuma. Hakuna aliyehesabu miaka. Wanachoshangaa ni kwamba ndugu wawili hawafanani kabisa, na hapo Mkubwa hudai mimi nimechukua sura ya upande wa baba.

Jioni tunaongea nini? Tamthilia. Sitanii. Tulianza na ile ya masultani wa Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, Suleiman na Hürrem wake, na tangu hapo hatujapona. Enzi zile mji mzima ulitegemea majenereta ya dizeli, na umeme ulikuwa na tabia ya kukatika pale mtu anapofungua mlango akakuta asichotegemea. Mkubwa, mbeba madumu, shabiki wa Yanga asiyesalimia mtu timu ikifungwa, alikuwa analia. Analia kabisa, anafuta kwa shati, halafu anasema ni moshi.

Baadaye nikaja kugundua kwamba ndiyo lugha yetu. Barabarani hatuwezi kusema chochote. Hata kumshika bega mkiwa kwenye daladala unafikiria mara mbili. Lakini nani atakuzuia kuzungumzia tamthilia? Mama mwenye nyumba tunamwita Mama Sultani. Akigonga geti, mmoja anamwambia mwenzake "Mama Sultani kaingia ikulu" na mwingine anakimbia kutandika kitanda cha chumba cha nyuma. Wageni wakikaa mpaka usiku, mimi husema, "Hürrem leo alikuwa anaumwa kichwa." Mkubwa anaanza kupiga miayo. Na siku moja stendi, anapanda basi la kwenda Kasulu kwenye msiba, watu wamejaa, akanigeukia: "Suleiman alipokwenda vitani, yule mke alikula kweli?" Nikamwambia alikula, asiwe na wasiwasi. Konda hakuelewa chochote.

Kuna mchangiaji kasema haya mambo tunayaiga kwenye runinga. Ndugu yangu, mimi nimekulia Ujiji kwenye kibanda umiza, Lufufu anatafsiri filamu, mtu mmoja anapiga majambazi 40 na risasi haziishi. Humo ndani hakuna aliyependwa na mtu yeyote. Kama ni kuiga, leo ningekuwa komandoo. Na huyo aliyesema ni ya Wazungu, amtafute Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964, dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, naye alipenda wanaume wenzake. Nilipomsimulia Mkubwa habari hiyo, na kwamba mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka iliyopangwa Zanzibar ilifutwa baada ya malalamiko, alikaa kimya muda mrefu. Nikadhani limemgusa. Akasema, "Kwa hiyo yule naye alikula urojo."

Tukigombana, hatupigani wala hatupigizani kelele. Kuta zetu ni nyembamba. Mkubwa akikasirika anaweka taarabu. Anachagua mipasho, anapanga kama mtu anayepanga mashtaka, anafungulia spika, yeye anakwenda kukaa uani na gazeti la michezo. Kuna mara moja ugomvi ulihusu hela niliyomkopesha rafiki bila kumwambia. Bi Khadija Kopa aliimba nyumbani kwetu siku mbili mfululizo. Mimi najua kila neno ni langu, nimenyamaza, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tatizo ni jirani wa kushoto. Mama wa watu akaamini anapigwa vijembe yeye, maana wiki ile alikuwa amegombana na mtu kuhusu taka. Siku ya pili jioni naye akatoa spika mlangoni, akajibu. Mkubwa hakuelewa, akadhani jirani anapenda muziki, akaongeza sauti. Yule mama akaongeza. Mtaa mzima ukakaa barazani kusikiliza. Siku ya tatu asubuhi mama akaanika kanga kwenye kamba iliyo upande wetu, jina limeelekezwa dirishani kwetu kabisa: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Tulikuwa bado hatuongei. Tukajikuta tumesimama dirishani wote wawili tunaisoma. Mkubwa akaanza kutetemeka tumbo, nikadhani analia, kumbe anacheka, akaniziba mdomo kwa kiganja chake cha mawese nisisikike nje. Ugomvi ukaishia hapo. Jirani tulimpelekea dumu dogo la mawese, akapokea kama mshindi.

Kuhusu Diamond na Kiba sitaki hata kuanza. Wote wana asili ya huku, nyumba yetu ina shabiki mmoja mmoja, na kuna mada zisizofaa kuzungumzwa kabla ya kula.

Si kwamba yote ni kicheko. Mwishoni mwa 2018, Dar es Salaam kulipotangazwa kamati ya kutusaka, Serikali ilisema ule si msimamo wake, lakini sisi usiku ule tulikuwa tumeshafuta picha zote. Miaka mitano ya picha. Tulikaa kitandani na simu mbili, kila mmoja anafuta za mwenzake kwa sababu zako mwenyewe mkono unagoma. Imebaki moja tu, harusi ya binamu yake. Tuko watu 11 humo, mimi niko mwanzo wa mstari, yeye mwisho.

Halafu akaugua kidole tumbo. Hospitali sitaitaja. Niliulizwa wewe ni nani yake, nikasema mtoto wa mama yake mdogo. Mke? Hana. Basi nikasaini, akaingia chumba cha upasuaji. Asubuhi kaka yake mkubwa akafika kutoka Kasulu, na kuanzia hapo nikawa mtu wa nje. Anayeruhusiwa kukaa na mgonjwa ni mmoja, na lazima awe ndugu wa karibu. Nililala barazani usiku nne, kwenye mkeka, na mbu wa Kigoma mnawajua. Uji niliupika mimi, ukabebwa ndani na mwingine.

Usiku wa kwanza simu ikaingia ujumbe. Nikadhani kazidiwa. Ameandika: "Hürrem kafanyaje leo?"

Mimi sikuwa nimeona. Niko barazani, nitaonea wapi? Lakini ningemwambiaje? Nikaanza kuandika. Nikamwambia Hürrem kagundua barua, kamfuata yule tabibu usiku, mvua inanyesha. Nikatuma jumbe kama saba. Akajibu "duh." Kesho yake akauliza tena. Nikaendelea. Usiku wa tatu nilishamuua waziri mmoja na kumleta mtoto aliyepotea. Usiku wa nne kaka yake alinipita barazani akanikuta natabasamu na simu, akaniambia, "Wewe mwenzako anaumwa, wewe unachati na wasichana."

Aliporudi nyumbani, wiki ile ile wakaonyesha marudio. Nilikuwa jikoni. Nikasikia sehemu ya kwanza imekwisha, ya pili imekwisha. Hakuna barua, hakuna tabibu, waziri yuko hai anakula zabibu. Nikatoka. Mkubwa ameshika kidonda chake kwa mkono, ananiangalia. Hakusema kitu. Alisogea kwenye kochi, akaacha nafasi.

Mama yake alikuja kumuuguza, akakaa wiki mbili. Nikalala chumba cha nyuma kweli, kwa mara ya kwanza. Mama ni mtu wa shamba na sala, siku ya kwanza akauliza hawa wanawake wa Kituruki wanaona aibu kweli? Siku ya nne akawa anaharakisha sala ya jioni. Aliuliza kuhusu kuoa mara moja tu, tena aliniuliza mimi, wakati namenya vitunguu: "Huyu mwenzako haoi?" Nikasema biashara imembana. Akanitazama kisu kikiwa mkononi mwangu, akasema, "Kata vidogo zaidi, hapendi vikubwa." Siku ya kuondoka alinunua pea moja ya kitenge cha Kongo, akaikata katikati, nusu yake, nusu yangu, tushone mashati. Anajua nini, sijui. Sijauliza.

Tangu hapo hupiga simu. Hampigii mwanawe, ananipigia mimi, maana anasema yule akisimulia anaruka. Sasa hivi kuna tamthilia nyingine, na jana umeme ulikatika kwao palepale msichana anakaribishwa kikombe cha kahawa na mama mkwe ambaye hila zake zinajulikana. Saa nne usiku simu ikaita. "Mwanangu, alikunywa?"

Na kwetu pia ulikuwa umekatika. Mkubwa yuko gizani pembeni yangu, kaweka sikio karibu na simu, naye anataka kujua.

Nikamwambia, "Mama, kaa vizuri nikusimulie."