Paka ana aleji, mfuko hauna kitu: yaliyonikuta mimi na Bajaji

Jumapili usiku nimejilaza zangu nasubiri usingizi, meseji ikaingia. Dada mmoja wa Mwanza, simjui, kaniandikia: "Kaka samahani kwa usumbufu, paka wangu anajikuna mpaka anatoka damu, hela ya daktari sina mpaka mwisho wa mwezi, nimpe Piriton ya mtoto?" Na picha kaweka. Hiyo picha ukiitazama ni shingo ya paka wangu Bajaji ya mwaka jana kabisa, kipara, vipele, na kidonda cha mviringo nyuma ya sikio. Nikakaa kitako. Nikaanza kumjibu kwa vois, nikaona nimefika dakika 9 na bado sijamaliza habari ya dawa ya ng'ombe, nikafuta. Bora niandike hapa mara moja, maana mwezi huu yeye ni wa nne kuniuliza.

Kwa wasionijua, mi ni fundi simu, nakaa Tabata, chumba kimoja cha kupanga, ndani kuna kitanda, meza ya kazi, jiko la gesi na paka. Bajaji nilimuokota chini ya bajaji ya jirani wakati wa masika, mdogo kama soksi iliyolowa. Kila anayefuga paka ana stori ya namna hiyo, tuiruke.

Shida ilianza mwezi wa tatu mwaka jana. Manyoya yakaanza kunyonyoka mgongoni karibu na mkia, alafu shingoni ukimpapasa unasikia vitu vidogo vigumu kama punje za ulezi, huvioni ila vidole vinavisikia. Usiku ndo balaa. Anajikuna kitanda kinatikisika, akimaliza analamba, akimaliza kulamba anang'ata manyoya, we umelala saa nane usiku unasikia tu krr krr krr. Asubuhi shuka ina vitone vya damu. Mshkaji wangu mmoja alivyokuja geto akaniambia wazi, "mwanaume mzima unalea paka mgonjwa, tupa huko." Huyo mtu mpaka leo tunasalimiana tu, hatuongei.

Sasa hapa ndo naanza kujidhalilisha. Mimi hela ya daktari sikuwa nayo, na kiukweli sikutaka hata kuitafuta, nikasema hii si ngozi tu, ngozi ni dawa ya kupaka. Nikaenda duka la dawa za mifugo, sitalitaja, nikaeleza, kijana wa pale wala hakuuliza mnyama gani mara mbili, akanipimia kwenye kichupa cha maji dawa ya kuogeshea ng'ombe, shilingi elfu 2. Akasema changanya na maji muogeshe wote viroboto kwaheri. Nikarudi mbio na furaha yangu. Nikamuogesha vizuri, nikamkausha na taulo, nikajiona mjanja wa mtaa mzima.

Haikufika masaa mawili. Masikio yakaanza kuchezacheza yenyewe. Mate yanamchuruzika. Akisimama miguu ya nyuma inamkataa, akilala anatetemeka mwili mzima kama simu iliyowekwa vaibresheni. Nikamtia kwenye mfuko wa shangazi kaja, zipu nimeacha wazi kidogo, bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo aliyekubali kufungua mlango saa nne usiku. Yule dokta alichofanya cha kwanza nilishangaa, alimuogesha tena, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ile ya jikoni kwako, kuitoa sumu kwenye ngozi. Alafu sindano ya kutuliza misuli, alafu usiku kucha pale. Elfu 85. Hiyo ilikuwa kodi.

Alinieleza kitu ambacho nimekikariri kama ibada. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja hizi dawa kama la mbwa au ng'ombe linavyofanya. Dawa zenyewe ni ndugu wa pareto, lile ua linalolimwa kule Mufindi, ila hizi zimetengenezwa kiwandani zikawa kali na zinakaa muda mrefu. Kwa hiyo ukishika kopo lolote la dawa ya wadudu, la mbwa, la ng'ombe, la kuku, soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, ukiona jina linaishia na "thrin" rudisha kwenye shelfu na uondoke. Narudia. Rudisha. Hata zile za matone za mbwa, kuna watu wananunua ya mbwa mkubwa wanagawa nusu kwa paka ili kubana matumizi, mi mwenyewe nilishaipigia hesabu hiyo, usifanye.

Basi Bajaji akapona sumu lakini kujikuna kuko pale pale. Nikasoma mtandaoni kwamba paka anaweza kuwa na aleji ya chakula, nikaamini kama mtu aliyeona mwezi. Nikanunua chakula cha ngozi nyeti kilichotoka Ufaransa, kimfuko cha kilo moja na nusu, elfu 48. Mwezi huo mi nakula ugali na mchicha, paka anakula Ulaya. Mabadiliko sifuri. Baada ya hapo tukaingia zama za sindano. Kliniki moja wakamdunga steroidi, dawa ya kutuliza mwasho, na hapa nisiwe mnafiki, ilifanya kazi vizuri mno, wiki mbili Bajaji alikuwa mpya, nikawa nampiga picha naweka status. Wiki ya tano yakarudi yote. Nikaenda akadungwa tena. Elfu 30 kila safari ukijumlisha na nauli. Jumlisha mwenyewe, ni karibu laki mbili na paka bado kipara.

Mara ya tatu nikamkuta pale dokta mwingine, dada mdogo tu, kamaliza SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro. Akaikataa sindano. Akaniambia, "Kaka, nikiendelea kukudungia hivi utaniletea paka mwenye kisukari, alafu ndo utajua gharama." Nilichukia, nisidanganye. Nilijisikia nimeitwa mjinga mbele ya watu. Akachukua kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, akampitisha Bajaji kiunoni juu ya mkia mara tano sita, vikatoka vichembe vyeusi kama vumbi la mkaa. Akavikung'utia kwenye tishu nyeupe aliyoilowesha maji. Tukasubiri. Vile vichembe vikaanza kuvuja rangi, kila kimoja kikajizungushia duara la kutu. Akasema hiyo ni damu ya paka wako, imepita tumboni mwa kiroboto ikatoka nyuma.

Nikabisha. Nikamwambia dokta mi namkagua kila siku, sijawahi kuona kiroboto hata mmoja. Akasema ndiyo, kwa sababu anawala. Paka mwenye aleji anajilamba sana mpaka viroboto wanaisha mwilini kabla hujawaona, na aleji yenyewe ni ya mate ya kiroboto, siyo idadi yao. Akiumwa na wachache tu anawashwa siku nyingi. Nilivyorudi kazini nikarudia lile zoezi mwenyewe chini ya lenzi ninayotumia kuchomelea chip za simu. Ukiviona vile vichembe vikubwa, vimejikunja kama koma, unawashwa na wewe.

Sasa kilichomponya Bajaji nikikwambia utasema umepoteza muda kusoma. Kusafisha chumba. Ndo hiyo. Viroboto unaowaona kwa paka ni sehemu ndogo sana, wengine wote wako ndani mwako. Mayai yanadondoka kutoka kwenye manyoya kama chumvi, mabuu yake yanakimbia mwanga yanaingia kwenye nyufa za sakafu, chini ya mkeka, kwenye mishono ya godoro, alafu wanajifungia kwenye vifuko ambavyo dawa haipenyi, wanaweza kukaa humo miezi wakisubiri joto na mtikisiko wa mtu anayepita. Na Dar hii na joto lake na unyevu wake, unadhani wanahama?

Kwa hiyo, mkeka niliutupa. Godoro juani kila Jumamosi, unaligeuza. Shuka na lile fulana langu analolalia Bajaji, kila wiki, kwenye maji ya moto. Kufagia kila siku asubuhi mpaka uvungu, vumbi unafunga kwenye mfuko unatoa nje hapo hapo usiliache ndani, alafu deki. Kitana kila jioni, kikombe cha maji ya sabuni pembeni unakichovya. Kila siku. Sio leo umefanya kesho umechoka. Mi nilichoka wiki ya pili, nikaruka siku nne, na wale waliokuwa kwenye vifuko wakatoka, tukaanza upya.

Na dawa ya matone ya shingoni ya paka, ya paka, ambayo dokta aliniandikia kwa uzito. Uzito nilimpimia kwenye mizani ya bucha, muuza nyama alicheka mpaka akaita wenzake, kilo 3.8 na mkia. Elfu 18 kwa mwezi. Hapo usibane. Bana kwingine.

Ila kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni uwani. Nyumba ina wapangaji wanne, mama mwenye nyumba ana paka wawili, ukimtibu wako peke yake ni kama kudeki huku mvua inavuja. Nikamfuata jioni, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," nikaeleza. Akaniambia paka wake hawana viroboto, kama kuna viroboto nimeleta mimi na mnyama wangu wa barabarani. Iliniuma. Nimekaa pale miaka mitatu sijawahi kuchelewesha umeme. Sikujibu, nikaomba tu kumchana paka wake mmoja pale pale kibarazani, tishu ninayo mfukoni, maji nikachota kwenye ndoo yake. Yale maduara ya kutu yalivyotokea akanyamaza muda mrefu, akasema, "Sasa hiyo dawa bei gani?" Tukagawana nusu kwa nusu.

Wakati kidonda kinapona nilihitaji kola ya kumzuia asijikune, dukani inauzwa hela nyingi, nikatengeneza kwa picha ya eksirei ya zamani ya baba mdogo. Unakata duara, unatoboa katikati, kingo unazifunika na plasta zisimkate. Mwezi mzima Bajaji anatembea na mbavu za baba mdogo shingoni. Wiki ya tano nikaona unyoya wa kwanza, mwembamba kama ukungu, kiunoni. Nililia kidogo. Sioni aibu.

Mambo ya chakula nitayagusa tu maana najua mtauliza. Baada ya viroboto kuisha alibaki anajikuna usoni peke yake, dokta akasema hapo sasa ndo tujaribu chakula, kwa paka wanaoshukiwa zaidi ni ng'ombe, samaki na kuku. Unachagua nyama moja ambayo hajawahi kula, unampa hiyo tu wiki 8, hakuna kingine hata kuonja. Mi nilitumia mabakimabaki ya mbuzi kutoka kwa yule yule wa bucha. Wiki ya tatu mtoto wa jirani akawa anampa dagaa dirishani, nikarudi mwanzo. Mwisho wa siku mchawi alikuwa dagaa. Chakula cha bei rahisi kuliko vyote Tabata, ndo kinachomtoa paka wangu vipele! Sasa hivi anakula chakula kikavu kisicho na samaki, nachanganya na moyo wa ng'ombe, kwa sababu moyo una taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate, na nyama tupu tupu miezi na miezi sio mlo kamili, msije mkasema fundi simu kasema.

Kuna watu wataniambia paka ni paka, watu wenyewe hawana hela ya hospitali. Nimeshaambiwa sana. Sasa mimi nasema hivi, kama uliamua kufunga mlango usiku na kiumbe yuko ndani, hawezi kutoka, hawezi kujinunulia dawa, hiyo sio huruma tena ni wajibu, na wajibu wenyewe mara nyingi ni ufagio na uvumilivu wala sio hela. Mi laki mbili zilipotea kwa sababu nilitaka kitu cha kununua. Safisha chumba ndugu yangu. Kabla hujanunua chochote safisha chumba.

Haya, dada wa Mwanza. Piriton yenyewe sio sumu, madaktari wa wanyama wanaitumia kwa paka, lakini kwa kipimo chao cha uzito, na haiondoi kinachomuwasha. Kinachonitisha ni neno "ya mtoto", maana siropu na vidonge vingi vya mafua vimechanganywa na paracetamol, na paracetamol kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Kwa hiyo usimpe kitu leo. Kidonda kisafishe na maji ya chumvi ya vuguvugu. Kesho asubuhi tafuta kitana cha chawa, mi nilikinunua elfu 1 na mia 5, mpitishe kiunoni juu ya mkia, kung'utia kwenye tishu iliyolowa, hesabu mpaka dakika mbili, nipigie picha unitumie. Mwanga uwe wa dirishani, usiwashe flashi, flashi inapoteza ile rangi ya kutu.