Kabla Hujachagua Ubingwa: Kwa Wanaoanza Dragon Age: Origins

Wadogo zangu mnaotoka kwenye gemu za mpira katika vibanda vya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, na kuanza kuulizia Dragon Age: Origins, swali lenu la kwanza huwa ni lile lile: mhusika yupi ana nguvu kuliko wote? Swali hilo linafaa katika gemu za ngumi, ambako uko wewe na mpinzani wako tu. Katika gemu hii, iliyotengenezwa na kampuni ya BioWare na kutoka mwaka 2009, unaongoza kikosi cha watu wanne, na thamani ya mhusika wako hupimwa kwa pengo analoliziba katika kikosi hicho. Ni kama katika mtumbwi wa dagaa pale Kibirizi, ambako mwenye taa hashindani na wanaovuta wavu.

Fani ziko tatu, na kwenye skrini zimeandikwa Warrior, Rogue na Mage. Hapa nitawaita mpiganaji, mjanja na mchawi. Mpiganaji huvaa chuma kizito na kuwavuta maadui wamwandame yeye badala ya wenzake. Mjanja hufungua kufuli, hutegua mitego na humvizia adui kwa nyuma. Mchawi huponya, hugandisha na kuunguza. Ukichagua kuwa mbilikimo, mlango wa uchawi umefungwa kwako, kwa hiyo anayetaka fani hiyo aanze akiwa binadamu au elfi, kiumbe wa hadithi mwenye masikio ya ncha.

Kabla ya kuamua, fikiria watakaoungana nawe. Mapema kabisa utapewa Alistair, mpiganaji wa upanga na ngao, na Morrigan, ambaye ni mchawi. Ukiwa nawe ni mpiganaji wa ngao, mtakuwa wawili mnaofanya kazi moja, na masanduku mengi yenye kufuli mtayapita yakiwa yamefungwa mpaka umpate Leliana, ambaye ni mjanja, katika mji wa Lothering. Hasara hiyo si ya mali tu, kwa sababu kila kufuli inayofunguliwa huongeza uzoefu unaowapandisha ngazi. Ndiyo maana mgeni asiye na upendeleo wowote namshauri aanze na mjanja, ingawa najua wengi mnavutiwa na moto wa mchawi. Kuhusu moto huo, jueni kwamba ukiacha kiwango rahisi kabisa cha ugumu, huwaunguza hata wenzako waliosimama karibu na adui.

Kila ukipanda ngazi unapata pointi tatu za kuongeza sifa, na hapa ndipo wageni wengi huharibikiwa. Kijana mmoja niliyeketi naye kibandani Mwanga alikuwa na mpiganaji, na kila ngazi aliweka pointi moja kwenye nguvu, moja kwenye werevu na moja kwenye uchawi, akisema anataka mtu kamili. Alipookota deraya nzito ya kwanza, yaani vazi la chuma la vita, haikuvalika, kwa maana deraya hupimwa kwa nguvu, na nguvu zake zilikuwa bado chini. Akaibeba mkobani mpaka akaiuza. Mpiganaji awekeze kwenye nguvu, na wepesi kidogo ikiwa anatumia ngao. Mchawi aweke karibu zote kwenye uchawi, sifa ambayo pia huzifanya dawa za kunywa zimponye vizuri zaidi. Mjanja ana njia nzuri isiyoonekana haraka: kipaji kiitwacho Lethality huufanya werevu ukae mahali pa nguvu katika kukokotoa madhara ya silaha zake nyingi, na kwa kuwa werevu huo huo ndio unaofungua kufuli, pointi moja humlipa mara mbili.

Ubingwa wenyewe, yaani tawi maalumu ndani ya fani yako (Specialization), huja katika ngazi ya 7, kisha ngazi ya 14, kila mara kwa pointi moja ya kuuchukulia. Kila fani ina ubingwa wa aina nne, nawe utachukua miwili tu, na ukishaweka pointi katika gemu ya awali hakuna kurudi nyuma. Pointi haiozi, ikiwa ubingwa unaoutaka haujafunguka, iache ikae. Ubingwa hufunguka kwa kitabu cha dukani, kwa kufundishwa na mwenzako au kwa tukio la hadithi, na ukishafunguka hubaki wazi hata ukianza safari mpya na mhusika mwingine. Wajanja wa vibandani huhifadhi mchezo, hununua kitabu, hukisoma, kisha hurudi pale walipohifadhi na kukuta fedha zao zipo na ubingwa umefunguka. Siwazuii.

Kwa mchawi, ubingwa wa kwanza uwe Spirit Healer, hasa kama hujampata Wynne, mchawi anayejiunga nawe katika mnara wa wachawi akiwa nao tayari. Mwenye ubingwa huo huponya kikosi kizima kwa mara moja na huwainua walioanguka katikati ya pambano. Arcane Warrior huwapendeza watu kwa kuwa humruhusu mchawi kutumia sifa ya uchawi badala ya nguvu anapovaa deraya, lakini chuma kizito huongeza uchovu, na uchovu hupandisha gharama ya kila uchawi anaoutoa. Shapeshifter, wa kugeuka mnyama, mimi siupendekezi kwa anayeanza, maana ukiwa buibui huponyi mtu. Kwa mjanja aliyejenga werevu, Bard humfaa sana, kwani nyimbo zake hukisaidia kikosi chote na hukua pamoja na sifa hiyo. Mpiganaji achukue Champion akiweza, ubingwa wa kuwapa wenzake moyo na kuwadhoofisha maadui. Templar ni mzuri dhidi ya wachawi, ila Alistair anao tangu siku ya kwanza.

Mtakaofika mwisho na kuendelea na Awakening, nyongeza iliyotoka mwaka 2010, mtakuta kila fani imeongezewa ubingwa wa aina mbili, na humo kuna kitabu kiitwacho Manual of Focus ambacho mhusika akikisoma hurudishiwa pointi zake zote azipange upya.