Gunia ulilolikataa linakwenda wapi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ubora kwenye maghala ya mahindi, mtakabidhiwa bambo (chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli), kipima unyevu na karatasi ya viwango. Karatasi itasema sumukuvu, yaani aflatoxin, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, ambayo ni miligramu 10 tu ndani ya tani nzima, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Hayo mtayakariri kwa siku moja.

Kazi inaanza kwenye bambo. Vibarua watapanga magunia mazuri mlangoni na dalali ataapa kwamba mzigo wote umetoka shamba moja. Usibishane naye. Choma pembeni, katikati na chini kabisa ya rundo, kisha changanya na usage ndipo upime. Sumukuvu haikai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na gunia la jirani likawa safi. Anayechoma magunia matatu ya mbele anacheza bahati nasibu, hata kama mashine yake ya maabara ni ya bei mbaya.

Sasa umelikataa gunia. Linakwenda wapi? Halitupwi, hilo nakuhakikishia. Linarudi kwenye lori lilelile, linauzwa kwa bei ya kutupa kwa msaga chakula cha mifugo, kwa mpika pombe, au sokoni kwa mtu asiye na mashine. Ng'ombe akilila, sumu inatoka kwenye maziwa kwa sura nyingine, ile inayoitwa aflatoxin M1. Kupika hakuiui. Na mwenye homa ya ini ya B akiila miaka nenda miaka rudi, hatari yake ya saratani ya ini inaongezeka maradufu na zaidi. Kwa hiyo kiwango kikikazwa getini tu, tumemhamishia mlaji maskini kile alichokikataa tajiri.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wengi kwetu Tanzania walisema ni fitina za biashara. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti ya usajili na cheti. Siasa sikatai, lakini sumu nayo ilikuwepo. Kenya ilizika watu 125 mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sisi tulizika wetu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ukame ukiyapiga mahindi yakiwa yanakomaa, kuvu linapata njia. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, kukausha kunakuwa mtihani. Hali ya hewa, hospitali na mpaka wa Namanga vyote vimo kwenye gunia hilo moja.

Basi nendeni vijijini kabla ya mavuno, na msiende na vipeperushi peke yake. Chukueni chupa kavu ya kioo na chumvi iliyokauka. Tia chumvi na mahindi, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, huenda bado hujafika 13.5, ila yale mabichi kabisa umeshayabaini bila kuyasafirisha. Mkulima akiona kwa macho yake anaelewa upesi kuliko kusomewa namba.

Kuelewa peke yake hakukaushi mahindi, lakini. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 zinabaki kama 95. Mnunuzi analipa kwa kilo, au kwa lumbesa kabisa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bila kujali unyevu. Hapo aliyekausha kwenye turubai amepoteza kilo tano na jasho lake, aliyeuza mabichi amefaidi. Nyinyi mngefanya nini? Mkipata nafasi ya kukaa na meneja wa manunuzi na viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ombeni bei mbili, ya mahindi makavu na ya yasiyokauka, tena zibandikwe ukutani kabla lori la kwanza halijaingia. Semina za kilimo bora ziombwe baadaye.