Anayepokea bima ni kituo, si daktari: niliyoyapitia na mamangu Malindi

Ndugu yangu uliyehamia Malindi kutoka Lamu ukauliza ni daktari gani wa familia hapa anayepokea bima ya serikali, ili mzee wako mwenye presha awe na mtu mmoja wa kumwangalia, nakujibu kwa niliyoyapitia na mamangu, anayeishi Shella, mtaa wa hapa Malindi, na ambaye ana presha na sukari kwa pamoja.

Nilianza kama wewe, kwa kutafuta jina la daktari. Nilipewa la mmoja anayesifiwa sana, ambaye mchana yuko hospitali ya umma na jioni hukaa kwenye kliniki yake, nikampakia mama kwenye tuktuk nikiamini kuwa bima inayokubaliwa mchana itakubaliwa na jioni. Tulilipa taslimu kila kitu, tangu kumwona hadi vipimo. Kosa lilikuwa langu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ambayo ndiyo bima ya serikali ya Kenya na iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hufunga mkataba na kituo. Kwa hiyo daktari yule yule anaweza kuwa ndani ya bima saa nne asubuhi na nje yake saa kumi na mbili jioni.

Baada ya mkataba, angalia kiwango cha kituo. Anayetibiwa na kurudi nyumbani katika zahanati au kituo cha afya, yaani kiwango cha 2 na cha 3, hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na halazimiki kuwa ametoa mchango, mradi amesajiliwa. Mchango hutakiwa anapolazwa au kufanyiwa upasuaji. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba na maisha yake, akapangiwa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambacho hutakiwa akilipe cha mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyepanga hivyo, nadhani, hajawahi kukaa na mvuvi wakati wa kusi, bahari inapochafuka, ingawa baadaye uliletwa mpango wa kukopeshwa na kulipa polepole.

Kwa mzee wa presha, basi, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani. Utakayemkuta huko mara nyingi ni afisa wa kliniki, ambaye sote twamwita daktari, na usimdharau: ndiye atakayemjua mzee wako, na ndiye atakayemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa hali ikibadilika.

Mimi nilikwenda kwanza peke yangu, bila mgonjwa, nikauliza dirishani kama mkataba wao na SHA ungali hai, siku ya kliniki ya presha na sukari ni ipi, na kama mhudumu wa siku hiyo ni yule yule kila mwezi. Swali la mwisho lilimchekesha bibi aliyekuwa akiandikisha. "Mwanangu," akasema, "wewe wataka daktari au wataka mkwe?" Lakini alinijibu, na kwa jibu lile nikakichagua kituo hicho.

Siku ya kwanza ilikuwa nusura tuikose. Mama alikuwa amesajiliwa kwa nambari ya simu ya mdogo wangu, aliyemsaidia kujaza, na nambari ya kuthibitisha ikatumwa kwa huyo mdogo wangu, ambaye yuko kazini Mombasa na simu ameizima. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi karibu adhuhuri, mama ameshika kitambulisho mkononi kana kwamba kuna atakayekuja kumnyang'anya, na kifungua kinywa hajala kwa sababu ya kipimo cha sukari. Hakikisha mzee wako amesajiliwa kwa simu anayoshika mwenyewe. Wala usidhani utamweka chini ya jina lako: wanaoingia kwako ni mke na watoto, naye mzazi hujisajili kivyake, kwa *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya wa mtaani.

Dawa hukosekana. Kuna miezi ambayo mama alipewa za sukari, lakini za presha tukaandikiwa tukanunue dukani kwa pesa zetu, na hili bima haikulitatua. Nilichojifunza ni kuwahi asubuhi siku ya kliniki, kabla hazijapungua, na kutongoja vidonge vya nyumbani viishe.

Jambo la mwisho ni daftari. Mama ana daftari la shule lenye jalada la buluu, na kila mwezi afisa huandika humo presha, sukari na dawa alizompa. Afisa wa kwanza alipohamishwa, aliyekuja alilisoma kurasa nne nyuma, akamuuliza mama mbona kidonge cha jioni kilipunguzwa mwezi wa Ramadhani, na matibabu yakaendelea pale pale yalipoachwa. Kama mzee wako alikuwa na daftari lake huko Lamu, mwambie aliyebaki nyumbani alitume kwa basi kabla hamjakwenda kliniki ya kwanza.