Meno ya Tunu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni tabia gani ya mnyama unayemfuga nyumbani iliyokusumbua akili, na uliijuaje sababu yake?" Jibu langu linamhusu simbilisi jike, kahawia na nyeupe, ambaye binti yangu alimpa jina la Tunu. Kwa wasiomfahamu, simbilisi ni yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, ambaye ndugu zetu wa Bukavu wanamwita dende. Asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, lakini kwetu Njombe amekaa miaka mingi kiasi kwamba wazee wanamhesabu kuwa wa kwetu.

Nilikulia kati yao. Jikoni kwa mama walikuwa wakizunguka sakafuni karibu na mafiga, wakiokota maganda ya viazi na majani tuliyowatupia, na mgeni wa heshima akija, mmoja wao alikuwa kitoweo. Hatukuwabeba wala kuwapa majina. Ndiyo maana sikuwahi kuona simbilisi aking'ata mtu, nikaamini kwamba ni mnyama asiyejua kung'ata.

Mwezi Machi mama alimpa binti yangu wa miaka minane majike wawili, Tunu na mwenzake Siti, tukaja nao Dodoma ninakofanyia kazi. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Mvua ilikuwa bado inanyesha, majani yako hadi mlangoni. Ukikwaruza mfuko wa plastiki tu, wote wawili wanapiga mluzi, "wii, wii, wii," mpaka jirani anauliza nimefuga ndege gani. Jioni tukiwaachia ukumbini walirukaruka kama bisi kikaangoni, miguu yote minne hewani, wakigeuka huku na huku. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko kurukaruka ni furaha tupu.

Katikati ya Agosti Tunu akamng'ata binti yangu kidole gumba hadi damu ikatoka. Siku mbili baadaye akamng'ata tena. Kisha akaning'ata mimi. Kila mara ilikuwa vilevile: unampitishia mkono chini ya mapaja ili umnyanyue, naye anageuka kama umeme.

Nasema wazi nilichofanya, kwa sababu najua wapo wengine wanaofanya hivyo leo. Niliambiwa nimpige kidogo puani kila aking'ata, ili ajifunze. Nikampiga. Hakujifunza kitu isipokuwa kuuogopa mkono wangu. Sasa nikifungua mlango wa banda alikimbilia kona na kuganda pale kama jiwe. Mtu mwingine akashauri tumkate meno ya mbele. Wa tatu, mwenye nia njema kabisa, akaniletea vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwake. Nashukuru Mungu sikumpa. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba dawa za jamii ya penisilini humuua simbilisi, kwa kuwa chakula chake kinameng'enywa na bakteria wa tumboni, na dawa hizo zinawaua bakteria hao na kuwaachia nafasi wale wabaya. Anaharisha, kisha anakufa kwa siku chache.

Huyo daktari ndiye aliyetufumbua macho, na hakuanza na meno. Alimweka Tunu juu ya taulo, akamgusa shingo, mgongo, mbavu. Kimya. Alipofika kwenye magoti ya nyuma, Tunu alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mnyama wa ukubwa ule. Magoti yalikuwa yamevimba. Daktari akaniuliza swali moja: "Mama, anakula nini?"

Nikamjibu kwa kujiamini. Pumba za mahindi asubuhi na jioni, majani makavu ninayonunua sokoni, maji safi. Tangu Juni majani mabichi yalikuwa yamekauka mtaa mzima, na nilijisifu kwamba hawajalala njaa hata siku moja. Kumbe nilikuwa nawashibisha bila kuwalisha.

Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Mbuzi anaweza, kuku anaweza, ng'ombe anaweza, panya anaweza. Yeye lazima aipate kwenye chakula kila siku, na pumba hazina, wala majani yaliyokaa juani wiki kadhaa hayana kiasi cha kumtosha. Akiikosa anapata kiseyeye: fizi zinavuja damu, manyoya yanapoteza ung'aavu, damu inavujia ndani ya viungo, na kila hatua inamuuma. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei waliwalisha simbilisi nafaka na mikate pekee, wakawaona wakiugua ugonjwa uleule uliokuwa ukiwaua mabaharia. Kwa jaribio hilo dunia ilisogea karibu na kuijua vitamini C. Niliposoma habari hiyo niliumia, maana nilikuwa nimelirudia jaribio lao sebuleni kwangu bila kujua, na mwanangu ndiye aliyekuwa akimnyanyua mgonjwa kwa kumshika palepale panapouma.

Nilipojiuliza kwa nini Siti hakung'ata, jibu lilikuwa hapohapo. Siti alipenda kukimbia, kwa hiyo hakubebwa sana. Daktari alipompima alikuta naye amekonda na fizi zimeanza kuwa nyekundu. Wote wawili walikuwa wanaumwa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa anaguswa.

Hili ndilo ninalotaka wafugaji wenzangu walishike. Tunu alikuwa ametuambia mapema, kwa lugha yake, kabla ya kutumia meno. Tangu mwisho wa Julai aliacha kuruka. Mluzi wa jioni ukapungua, nami nikadhani amezoea mazingira. Akawa anakaa amejikunyata, manyoya yamesimama. Binti yangu akimpapasa mgongoni, alikuwa anarusha kichwa juu ghafla, na sisi tukicheka tukidhani anacheza, kumbe alikuwa anasukuma mkono. Wiki ya kwanza ya Agosti akaanza kugonganisha meno, tatatatata, kama mashine ndogo ya cherehani. Binti aliniambia, "Mama, Tunu anasikia baridi." Nikakubali. Simbilisi akigonganisha meno hivyo amekasirika au amefika mwisho wa uvumilivu, na ukiendelea kumsogelea, kinachofuata ni meno yenyewe.

Tiba yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutia uchungu. Kiasi cha kila siku ni miligramu 10 kwa kilo moja ya uzito, na kwa mgonjwa au mwenye mimba hufika 30. Tunu hakuwa anafika hata kilo moja. Daktari alitupa dozi yake, kidonge cha vitamini C kilichosagwa, kikakorogwa na maji kidogo na kusukumwa pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alituonya tusikiweke kwenye maji ya kunywa, kwa sababu vitamini hiyo inaharibika upesi majini, tena ladha ikibadilika mnyama anaweza kuacha kunywa. Chakula nacho kikabadilika: kipande cha hoho kila siku, pera kidogo, mchicha, majani ya maboga, na nyasi nyingi kadiri wanavyotaka. Nyasi haziachwi, maana meno yake yote 20 yanaota maisha yake yote na zinazoyasaga ni nyasi. Mgonjwa asinyanyuliwe kabisa mpaka apone.

Siku ya sita Tunu alipiga mluzi. Mmoja tu, mwembamba. Binti yangu alilia.

Wiki ya tatu tulianza kumbeba upya, safari hii kwa adabu: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umebeba makalio na miguu ya nyuma, mnyama amesogezwa karibu na kifua chako, na wewe mwenyewe umekaa chini ili akiponyoka asianguke kutoka juu. Hajang'ata tangu hapo, isipokuwa siku moja, na siku hiyo kosa lilikuwa la karoti. Binti alikuwa ameimenya, vidole vinanukia, akavipitisha katikati ya nyavu za banda. Macho ya simbilisi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini kilicho mbele ya pua yake hakioni, anakinusa na kukigusa kwa midomo. Kidole chenye harufu ya karoti, kwake ni karoti. Tangu hapo tunanawa mikono kabla ya kuwashika na baada ya kuwashika, na chakula hakipitishwi kwenye nyavu. Mkono nao hauji kutoka juu, kwa sababu kinachomjia simbilisi kutoka juu ni mwewe.

Yapo mengine yaliyonishangaza. Siti, kila baada ya wiki mbili na siku kadhaa, alikuwa ananguruma kwa sauti ya chini, anatikisa makalio na kumzunguka Tunu kama dume. Nilidhani ana kichaa. Ni joto lake tu, yaani siku za kutaka dume. Majike hupata joto kila baada ya siku 16 hivi. Nilipomwona akiinama na kula kinyesi chake nilitaka kumkataza, daktari akasema nimwache: ni kinyesi laini cha aina ya pekee, na anakirudia ili apate vitamini za B zilizotengenezwa tumboni. Alinitajia pia sababu nyingine za kung'ata ambazo sisi hatukuzipitia: utitiri wa ngozi, unaowasha hadi mnyama anapata degedege, na kwa majike wenye umri mkubwa, uvimbe wa maji kwenye ovari, ambao humfanya awe mkali na kunyonyoka manyoya mbavuni pande zote mbili. Ukiona hivyo, dawa haimo kwenye kumpiga puani.

Wapo pia wanaomfuga mmoja peke yake kisha wanashangaa anatafuna nyavu usiku kucha. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Uswisi, tangu 2008, sheria yao inamtaka mfugaji asimweke peke yake. Kwetu hatuna sheria hiyo, lakini jikoni kwa mama hakukuwahi kuwa na simbilisi mmoja.

Kiangazi kimerudi. Safari hii nimeotesha mchicha na majani ya maboga kwenye viroba vitano nyuma ya nyumba, navimwagilia maji ya kuoshea mboga. Juzi mama alipiga simu kutoka Njombe, akauliza kama yule mkali tumeshamla. Binti yangu akaichukua simu, akaisogeza karibu na banda, akafungua mfuko wa majani. Sauti zikatoka mbili, zikipokezana, "wii, wii, wii."

"Wapeni chakula hao," mama akasema. "Wana njaa."