Mashine Mpya, Gemu Chache

SWALI: Wii U, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, ilipotoka, gemu za Nintendo wenyewe zilichelewa mno. Mashine ikiongezwa nguvu, kazi ya kutengeneza gemu si ingekuwa nyepesi? Naomba ufafanuzi.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nguvu ile humpunguzia kazi chipu inayochora picha, si msanii anayeziandaa. Wii, mashine iliyoitangulia, ilichora picha ya 640 kwa 480, yaani pikseli (nukta za picha) 307,200. Wii U, iliyotoka Novemba 2012, iliweza kufika 1920 kwa 1080, pikseli 2,073,600: karibu mara saba. Kuzijaza rangi ni kazi ya chipu. Lakini sasa mchezaji anaona kila ufa.

Chukua pipa moja la mbao, limewekwa tu kando ya njia. Enzi za Wii, teksicha ya 128 kwa 128, ile picha inayovikwa juu ya umbo, ingetosha: mbao, pete za chuma na vivuli vyote vimechorwa humohumo. Kwenye HD, yaani picha ya nukta nyingi kama ya Wii U, pipa hilo linaonekana kama limepakwa tope, kwa hiyo unapanda hadi 1024 kwa 1024, eneo mara 64. Na picha moja haitoshi tena. Unahitaji ya rangi, ya mikwaruzo na mabonde ili mwanga uanguke sawasawa, na nyingine ya kuonyesha chuma king'ae wapi na kutu iwe wapi. Bado miti, miamba na nyuso za watu!

Kisha kuna sheda, programu ndogo zinazoiambia chipu jinsi ya kupaka rangi na mwanga. Chipu ya Wii ilikuja na hatua zake zimeshapangwa; unachagua, huandiki. Wii U ilitaka ziandikwe, hivyo zana za zamani zikabidi zibadilishwe huku gemu zenyewe zikiendelea kutengenezwa. Msanii anangoja zana, na zana ikibadilika anarudia alichokwisha maliza. Kumwaga watu wapya hapo hakusaidii haraka, maana nao wanafundishwa zana ambazo hazijakamilika. Gemu ya Pikmin 3, iliyotarajiwa karibu na uzinduzi wa Wii U, ilitoka Julai 2013. Shigeru Miyamoto, mbunifu mkuu wa gemu wa Nintendo, alikiri mwaka huohuo kwamba huenda waliudharau ukubwa wa mabadiliko hayo.

SWALI: Mbona Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata Wii U, haikukumbwa na ukame huo wa gemu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Karo ya HD ilikuwa imeshalipwa. Mario Kart 8 ya Wii U, ya 2014, ilirudi Switch Aprili 2017 ikiwa na nyongeza, na kwa kuwa Wii U iliuzwa takriban milioni 13.5 tu, kwa wanunuzi wengi ilikuwa gemu mpya. La pili, na kwetu ndilo kubwa: zamani Nintendo walilisha vinywa viwili, 3DS ya mkononi na Wii U ya sebuleni. Switch ni vyote viwili, hivyo nguvu zote zilielekezwa kwenye mashine moja.

SWALI: Tuko watatu, gemu yetu ya simu tumeitengeneza kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu. Tukipata kibali cha Switch, tuanzie wapi?
Msomaji, Kampala

JIBU: Pimeni kwenye mashine yenyewe, si kwenye kompyuta. Fremu (picha moja moja zinazofuatana) 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7, mkishindwa, shukeni hadi 30, mpate 33.3. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya Switch ya kwanza ni GB 4, na mfumo huchukua sehemu yake, basi punguzeni teksicha kwanza. Gemu ikigugumia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi mnaumba vitu vipya kila fremu na Unity inasimama kuzoa takataka, yaani data isiyotumika tena: tengenezeni risasi na maadui mapema, mzitumie tena na tena.

Kabla ya kupeleka gemu kukaguliwa, chomoeni kidhibiti katikati ya pambano, kisha iwekeni mashine katika hali ya usingizi wakati inahifadhi mchezo. Gemu nyingi za simu huangukia hapo.