Nyimbo zako hazitamezwa, mwanangu

Mwanangu,

Sisi hapa Nyakato, Mwanza, hatujambo. Mama yako anakusalimu sana.

Ile albamu ya mwimbaji Gregory Alan Isakov na okestra ya Colorado Symphony, ya mwaka 2016, nimeisikiliza mara tatu. Umeniuliza: nyimbo hizi, karibu zote, alikwisha kuzirekodi bila okestra, kwa nini azirudie? Na wewe uliyealikwa kuimba na okestra ya vijana huko Dar, je, nyimbo zako za gitaa hazitamezwa?

Umenieleza kwamba alizaliwa Johannesburg, akahamia Marekani angali mtoto, na leo ni mkulima huko Colorado. Sauti yake ni ya chini, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilitegemea afunikwe, hakufunikwa. Aliyepanga zile fidla alijua wapi zinyamaze, na ndiyo maana imefaa kuzirudia: wimbo ni uleule, ila sasa una mahali pa kupumzika baada ya maneno.

Wala si mambo ya wageni haya. Zanzibar wana kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa tangu 1905. Sikiliza taarab ya zamani: mwimbaji akimaliza mstari wake, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zinampokea, kisha zinamrudishia.

Kwetu kwenye kwaya niliwahi kuliharibu jambo hili mwenyewe. Tulipoingia studio kurekodi kanda yetu ya kwanza, fundi akajaza vinanda kila upenyo, nami kiongozi nikakubali kwa sababu vilisikika vya kisasa. Mama mmoja alikuwa na ubeti wa peke yake, na kanisani ubeti ule ulikuwa ukiwaliza watu. Kwenye kanda sikumsikia hata neno. Alinishukuru hivyohivyo, na mpaka leo linaniuma.

Sasa wewe. Katika wimbo wako wa wavuvi wa dagaa, ukifika "taa zimewaka", unasita. Unavuta pumzi, ndipo unasema "baba hajarudi". Siku ukiwa na huzuni unasita zaidi. Gitaa linakungoja kwa kuwa mkono ni wako. Watu arobaini hawawezi kukungoja hivyo, kila mmoja ana karatasi mbele yake na jicho moja kwa mwongozaji. Kwa hiyo kabla hawajaandika noti hata moja, kaa na anayepanga muziki, umwimbie wimbo wote na gitaa, mara mbili, siku mbili tofauti, asikie unavyobadilika. Mwambie pale penye pumzi asiweke kitu. Na mwongozaji akufuate wewe katika beti. Kwenye kiitikio mfuate yeye, maana hapo wengi ndio wenye nguvu.

Wakikataa hilo, rudi na gitaa lako bila kinyongo. Lakini usikatae mwaliko kwa hofu tu. Nimekaa Mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi, nikiusikia wimbo ule kichwani, na kila mara nasikia sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, chini yake, moja tu, ikianza pale unaponyamaza.

Mama yako anasema ubeti wa mwisho uwaachie hao vijana kidogo sana, au usiwaachie kabisa. Mimi naona uwaachie ile sello. Tumebishana tangu jana. Ukija Desemba njoo na gitaa, utuimbie ukumbini ili tuamue.

Baba yako